Mkono wa Dotto

Mwanangu, sogeza kigoda karibu nikusimulie kisa kimoja. Kila kikinijia, huwa naangalia kwanza mikono yangu, nihakikishe ipo yote miwili na yote ni yangu. Usicheke. Ukifika mwisho utaangalia na wewe.

Nilikuwa bado msichana, nimemaliza darasa la saba kule Magu na kuja Mwanza mjini na begi moja la mtumba, ndoto zikiwa nyingi kuliko nguo. Ilikuwa ile miaka ya tisini, biashara imefunguliwa kila upande. Maduka ya Wahindi pale Nyamagana yalijaa redio zinazoimba zote kwa pamoja, na viwanda vya minofu ya sangara viliota kando ya ziwa kama uyoga. Na ziwani kwenyewe kulikuwa na kitu kingine kinaota. Magugu maji. Unalala ufuko ukiwa maji matupu, unaamka unakuta shamba la kijani limekuja lenyewe, limetulia na maua yake ya zambarau, kana kwamba kuna mtu linamtafuta. Upepo ukigeuka, shamba zima linaondoka. Hakuna aliyelilima, hakuna aliyelisukuma.

Nilipata kazi ya usaidizi katika hospitali moja jirani na ziwa, kwenye chumba cha mwisho cha korido, ambacho wengi walidhani ni stoo. Mlikuwa na jiko la mkaa, sufuria, mwiko, shati lenye vifungo vikubwa, udongo wa kufinyangia na matita ya milala ya kusukia makapu. Mkuu wangu aliitwa mzee Masatu, mtu wa Ukerewe, aliyesomea tiba kwa kazi. Mgonjwa aliyepooza tulimfundisha upya kuchana nywele, kufunga kanga, kusonga ugali, kusuka kapu. "Daktari anamtoa mtu mautini," mzee Masatu alipenda kusema, "sisi tunamrudisha jikoni kwake." Mimi nilikuwa na furaha siku zote. Niliota kwamba makapu yetu yatapanda ndege na minofu ya sangara, yafike Ulaya, na mimi nifuate nyuma yake. Ndoto haidai nauli.

Ndipo akaletwa Bibi Kulwa.

Alitoka ng'ambo ya Kamanga, mwanamke mzima, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Mguu ulikuwa umeanza kurudi, lakini mkono alikuja ameuviringisha kwenye kitenge, ameupakata kama mtoto aliyelala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sema polepole, utamwamsha."

"Nani, bibi?"

Akafunua kitenge kidogo, akanionyesha vidole vyake mwenyewe. "Dotto. Pacha wangu."

Mwanangu, wewe unajua kwetu Usukuma mapacha huitwa Kulwa na Dotto, na anayewafuata huitwa Shija. Shija wao ndiye aliyemleta, mzee mwenye fimbo na koti zito hata kwenye jua kali. Alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba Dotto alikufa maji wangali wasichana wadogo, na mwili wake haukupatikana. Tangu siku hiyo Kulwa hakuwahi kulitamka jina lile. Sasa, baada ya kiharusi, halimwishi mdomoni.

Nilidhani ni jambo la kueleweshana tu. Kesho yake nikamkalisha dirishani penye mwanga, nikaushika ule mkono, nikaanza kumfundisha kama mwalimu wa chekechea. "Bibi, tazama. Hili bega ni la nani?"

"Langu."

"Nashuka. Hapa juu ya kiwiko?"

"Pangu."

"Haya, hapa chini ya kiwiko?"

"Hapo ndipo tunapopakana," akasema, bila wasiwasi wowote, kama anayeonyesha mpaka wa shamba. "Kuanzia hapo ni kwake. Mguse, uone alivyo baridi. Bado ana maji."

Nikagusa. Mwanangu, mkono uliopooza huwa wa baridi, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua, damu haitembei vizuri. Nilijiambia hivyo. Lakini vinyweleo vyangu havikuwa vimesoma tiba, vikasimama.

Siku hiyohiyo mchana nilikuwa naosha vyombo, nimegeuza mgongo. Nikasikia Bibi Kulwa anaimba taratibu kwa Kisukuma, wimbo wa kubembeleza. Kisha pua yangu ikanusa kitu. Nilipogeuka, alikuwa ameinama juu ya jiko la mkaa, ameuweka ule mkono juu ya makaa mekundu, anaugeuza huku na huku, huku anatabasamu.

"Bibi!"

"Ana baridi," akasema. "Miaka yote hii majini, na wewe unamnyima hata moto."

Niliuvuta. Kiganja kilikuwa kimeanza kutoa malengelenge, na usoni kwake hapakuwa na dalili hata moja ya maumivu.

Mzee Shija alipoona bendeji akasema basi, mwisho wa juma anamrudisha nyumbani, kila mgonjwa apone kwake. Nyumbani kwa Bibi Kulwa kulikuwa na mafiga yanayowaka tangu asubuhi, na nyuma ya nyumba ni ziwa. Mwenyewe alikwisha kutuambia atakalofanya akifika: Dotto akikataa kupata joto, atamrudisha alikotoka. Na mkono, mwanangu, haurudi ziwani peke yake. Unakwenda na mtu mzima.

"Bibi akiondoka hivi," mzee Masatu aliniambia, "tutasikia habari zake kwa wavuvi."

Kesho yake nikajaribu kumchangamsha. Nilimletea bangili ya shaba, nikamvisha mkono wa kulia. Aliitazama, akaivua kwa meno, akaitema sakafuni, akanigeuzia mgongo. Alikataa chakula. Alikataa hata kunitazama.

Mzee Masatu aliiokota ile bangili, akanitoa hadi kwenye korido. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu ambaye akikasirika anazidi kuongea chini, mpaka unajikuta umeinama kumsikiliza aibu yako.

"Minza, wewe ni binti wa wapi?"

"Magu, mzee."

"Magu. Kwenu mtu akimnunulia Kulwa shanga, anafanyaje?"

Nikashikwa na haya mpaka masikioni. "Anamnunulia na Dotto."

"Ukimpa Kulwa ndizi?"

"Na Dotto."

"Ukiwakuta wawili, ukamsalimia mmoja?"

"Umewatukana wote wawili, mzee."

"Mimi Mkerewe najua, wewe uliyenyonya desturi hiyo kwa mama yako umesahau. Daktari anasema damu imeziba kichwani, na ni kweli, mimi mwenyewe nimeziona karatasi. Lakini bibi haishi kwenye karatasi. Bibi kaenda kwa Dotto, Minza. Mfuate alipo, ndipo umshike mkono mrudi pamoja. Usisimame huku ukimpigia kelele avuke peke yake."

Basi asubuhi iliyofuata niliingia na bangili mbili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na magugu maji yalikuwa yamefika usiku, yamesogea mpaka chini ya dirisha letu. Yalijaa pale kimya. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bibi Kulwa."

"Mwangaluka."

Nikaugeukia mkono wa kushoto, nikakishika kiganja na bendeji yake. "Mwangaluka, Dotto."

Sikutegemea jibu, mwanangu, naapa. Lakini kidole kimoja kilijikunja juu ya kidole changu, kikabana, kikaachia. Kidogo tu, kama samaki anavyoonja chambo. Nilimtazama mzee Masatu aliyesimama mlangoni. Alikuwa ameona. Akaenda kufunga dirisha, ingawa hapakuwa na upepo.

Tangu hapo kila kitu tukakifanya kwa wawili. Nikimpa Kulwa kipande cha muhogo, cha pili kinawekwa kwenye kiganja cha kushoto. Nikimpaka mafuta mmoja, nampaka na mwenzake. Kwa ajili ya kusuka tulichota magugu maji yaleyale ya chini ya dirisha, tukayakausha mashina yake juani, maana milala ilikuwa imekwisha. Mzee Masatu akamwambia, "Bibi, hatuwezi kumwacha Dotto akae bure kama mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe shika ncha, yeye asokote."

"Anaweza," Bibi Kulwa akasema. "Alikuwa hodari kunishinda."

Ukamwona ameshika ncha kwa mkono wa kulia, amekaa, anaangalia nje anazungumza mambo mengine kabisa. Na pajani kwake, bila yeye kuutazama, mkono wa kushoto ukaanza kutambaa. Ulisugua shina juu ya paja. Ukapumzika. Ukasugua tena. Sauti yake ilikuwa kavu, shaa, shaa, kama mtu anayetembea kwenye majani pale nje. Wagonjwa wengine wawili waliokuwa wanafinyanga waliacha udongo wao, mmoja akaomba arudishwe wodini.

Mzee Shija alikuja siku ya kumchukua. Alisimama mlangoni, akaiona kamba mezani, akaiinua, akaipeleka kwenye mwanga. Fimbo ikamponyoka.

"Kamba hii kasokota nani?"

"Dada yako," nikasema.

"Kulwa hasokoti hivi. Tazama, imezunguka kushoto. Kwetu mwenye mashoto alikuwa mmoja tu, Dotto. Baba alimchapa kwa sababu ya kamba hizi, zilikuwa hazikubali kuungwa na za wengine." Akaipitisha kamba vidoleni. "Mimi nilifungiwa ndama wangu kwa kamba kama hii."

"Mzee wangu," Masatu akasema taratibu, "mkono wa kushoto ukisokota, kamba lazima ielekee huko. Ni mkono, si mzimu." Kisha akakuna kidevu. "Ila kwa nini umeanza kazi juma hili na si mwezi uliopita, hilo muulize dada yako."

Hapo Bibi Kulwa akageuka kutoka dirishani. Alimtazama mdogo wake kana kwamba amemkuta njiani.

"Shija, wewe ulibaki nyumbani na mama. Hukuona. Tulikwenda kukata mafunjo. Tope likamfunga Dotto miguu, akazama mpaka kifuani. Mkono wa kulia nimeshika mafunjo, wa kushoto nimemshika yeye. Nilimshika, Shija. Nilimshika mpaka nikawa siujui tena mkono wangu ni upi na wake ni upi. Halafu ukateleza. Nyumbani wakaniambia nisilie, nisimtaje. Basi nikamwacha hapohapo kiganjani. Ningemweka wapi?"

Mzee Shija alikaa sakafuni na koti lake, akalia kwa sauti, mzee mzima. Na Bibi Kulwa akalia naye. Huko nje magugu yalianza kuondoka, nakumbuka, maana mwanga wa maji ulirudi kucheza ukutani.

Hawakuondoka siku ile. Walingoja kivuko kingine, na kabla ya safari mzee Masatu alitaka kuona jambo moja tu: ugali. Bibi Kulwa akasimama jikoni, mwiko kulia, kushoto kitambaa cha kushikia sufuria. Uji ukachemka, ukaruka, tone likamwangukia kidole cha kushoto.

Mkono ukaruka kutoka kwenye moto. Na Bibi Kulwa, huku anaendelea kumsimanga Shija kwa kukaa karibu na njia, akakipeleka kidole mdomoni, akakinyonya, akakipuliza, kama unavyofanya wewe na kidole chako. Kisha akashika sufuria tena. Mzee Masatu akatoka nje, akajifanya anakohoa.

Niliwasindikiza mpaka kivukoni. Pantoni ilipokuwa inapasua magugu kuelekea Kamanga, Bibi Kulwa alisimama kwenye ukingo na kunipungia kwa mkono wa kulia. Halafu akaushusha. Halafu wa kushoto ukapanda peke yake, taratibu, ukanipungia na wenyewe. Yeye alikuwa ameshageuka anaongea na Shija.

Mimi nikapunga mara mbili. Desturi ni desturi.

Makapu yangu hayakufika Ulaya, mwanangu, lakini kazi ile sikuiacha mpaka mvi zikanikuta. Ile kamba aliniachia. Ndiyo hiyo unayoiona imefunga mlango wa banda la kuku. Huwa naifunga mimi, kulia kama mtu yeyote. Asubuhi nyingine naikuta imekazwa kushoto. Unyevu wa ziwa, bila shaka. Naisalimia tu, napita.

Sasa shika hili. Ukimkuta mtu amebeba kitu usichokiona wewe, usikimbilie kumwambia hakipo. Msalimie, na hicho alichobeba kisalimie. Kisha usiwaache wakae bure, wape kazi: kamba, unga, udongo, chochote cha mikono. Majonzi yaliyofungiwa mkononi huwa baridi, na mtu akiyaonea huruma peke yake atayatafutia moto usiofaa. Yakipata kazi yanapata damu. Na nyumbani kwako akifa mtu, waache watoto walie na walitaje jina lake, wasije wakalificha mwilini.

Mungu akujalie mikono miwili inayojuana. Wa kulia ukichoka, wa kushoto ukupokee. Unachokishika kisiteleze, na kikiteleza, apatikane mtu wa kukukalisha penye mwanga na kuwasalimia nyote. Haya, nenda ukafunge kuku. Ukiikuta kamba imekazwa, usiogope. Sema mwangaluka.