Kata ya Togwa

Deolinda, muuza vitenge wa Kilambo, alikata bima akiamini italipia vidonge vyake vya kujikinga na Ukimwi, maana mumewe hukaa ng'ambo ya Ruvuma miezi chungu nzima. "Bima ni ya wagonjwa, mama. Wewe mzima," karani akamjibu. Mzima! Basi akawa anajinunulia mwenyewe, nyama akaisahau.

Siku moja jirani yake Claudia alikiona kichupa kabatini, akadhani ameathirika, akawanong'oneza wenzake. Tangu hapo, wanawake wakibangua korosho uani na kupokezana kata ya togwa, ikishamfikia Deolinda hakuna tena mwenye kiu. Angewaelezaje bila kumvua nguo mumewe? Huimaliza peke yake, mwanamke aliyekataliwa na bima kwa sababu haumwi.