Zamu ya Lembris

Iko siku moja siisahau, na wala sijaribu kuisahau, mwanangu, maana ndiyo siku iliyonifanya mtu. Ilikuwa Jumamosi ya kipupwe, saa sita mchana, huko kwetu juu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, ambako mwezi wa saba ukungu hushuka alfajiri na kuondoka pale utakapojisikia wenyewe. Siku hiyo nilisimama mbele ya mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa, akaniuliza swali moja. Kaa vizuri. Chai iko kwenye chupa, jimiminie. Mimi sina haraka, na hiyo simu yako ilaze kifudifudi.

Najua utasema ni mambo ya wazee. Sema tu, hunikeri. Mimi ni Mlutheri wa ubatizo na kipaimara, nimeimba kwaya mpaka sauti ikachoka, na sikukuita hapa nikufundishe kuogopa vivuli. Nakueleza nilichokiona, nawe uchukue kinachokufaa.

Kwetu watu wanaishi kwa mfereji. Maji yanatoka msituni, yanateremka kupita mashamba ya watu, na kila boma lina zamu yake, huyu Jumatatu asubuhi, yule jioni, hivyo hivyo mpaka wiki inakwisha. Zamu yako ikifika unabomoa kwa jembe kizuizi cha mawe na matope, maji yanaingia kwako, na ikiisha unaziba. Ila zamu moja, ya Jumamosi saa sita mchana, haikuwa ya mtu aliye hai. Ilikuwa ya Lembris. Huyo ndiye aliyepasua mwamba wa mwisho wakati mfereji unachimbwa. Jiwe likamwangukia, akafa akiomba maji, na maji yenyewe yalikuwa bado hayajafika. Hakuwa na mke wala mtoto wa kulitaja jina lake. Basi wazee wa wakati ule wakamwahidi kwamba kila wiki, kwa muda wa saa nzima, maji yataingia kwenye kiwanja chake kisicholimwa. Hata kiangazi kikaze namna gani, na watu wanung'unike wanavyotaka, zamu ya Lembris haiguswi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nashona nguo mjini, mtaa wa Levolosi, kwenye kibaraza cha duka la mama mmoja, cherehani ya kwangu, kichwa kimejaa mji. Kiangazi kile nikapanda kabichi kwenye shamba la Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu. Alikuwa mjane na mimi ndiye mtoto wake pekee. Kabichi zikaanza kunyauka wiki chache tu kabla ya kuvunwa, na kila Jumamosi nikipanda kumsalimia naona maji mazuri yanamwagwa kwenye magugu. Nikasema moyoni, mawe yanakunywa na kabichi zangu zinakufa! Jumamosi tatu mfululizo nilichukua jembe nyuma ya nyumba, watu wakiwa wamepumzika kivulini, nikaziba kwa Lembris nikafungua kwetu. Kabichi zikashiba, zikavimba. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini mimi siku hizo hata mtoto sikuwa naye.

Kiwanja kilipokutwa kimepasuka kwa ukame, wazee wakaita mkutano. Mzee Loserian, aliyekuwa mkuu wa mfereji, akauliza mbele ya watu wote, "Nani amechukua maji ya Lembris?" Hakuhitaji kuuliza ni shamba gani, maana kabichi zetu zilikuwa zinajitangaza zenyewe. Nikainama nikawa nachezea upindo wa gauni langu. Yeyo akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Mnisamehe."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia anavyohema. Ningevuta tu shuka yake akakaa, nikasimama mimi. Nikafikiria wateja wangu mjini, nikafikiria na kijana mmoja wa mtaa wa Sokon One aliyekuwa anajiandaa kuleta posa, nikaona aibu itanifuata mpaka huko. Nikanyamaza. Yeyo akatozwa kondoo dume, kondoo akachinjwa pale kiwanjani kwa Lembris, wazee wakaomba radhi kwa jina la Yeyo, watu wakatawanyika. Kesho yake nikapanda lori la kabichi nikarudi mjini, nikajiambia yamekwisha. Hata wimbo niliimba njiani, naukumbuka hadi leo na siupendi tena.

Masika yakanyesha vizuri mwaka ule, mifereji ikafurika. Ndipo habari zikaanza kushuka mjini pamoja na wauza maziwa. Kwamba huko kwetu ikifika saa sita mchana vyombo vinakuwa vitupu. Ndoo, pipa, birika lililoko mekoni, kibuyu cha maziwa, chochote. Unafunika kimejaa, unafunua kimekauka, na ukingoni kuna alama ya vumbi, kana kwamba mtu ameweka mdomo. Mchungaji alipita nyumba kwa nyumba akiomba, na alipofika kanisani akaikuta chupa yake ya maji imekauka ndani ya mkoba uliofungwa. Watu wakaanza kuhama. Na mimi? Mimi nikazidi kushona. Mpaka jirani yetu mmoja akashuka kunifuata pale kibarazani. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Namnyaki," akasema, "mama yako anakunywa pipa zima kwa siku na bado analia kiu. Njoo umchukue kabla hujaja kumzika."

Nikakodi pikapu siku hiyo hiyo, Jumamosi. Dereva alikuwa mtu wa Usa River, mwongeaji kweli, alianza na habari za mpira tangu Levolosi. Tulipoingia kijijini akapandisha kioo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale madogo yasiyosikika, migomba inachuruzika, mabati yanachuruzika. Milango imefungwa kwa makufuli. Hapakuwa na moshi, wala ng'ombe, wala mtoto wa kuulizwa habari. Nikashuka uani kwetu, nikatazama chini.

Ua wote ulikuwa umelowa, udongo mweusi tii. Lakini kutoka kwenye uzio mpaka mlangoni kwa Yeyo kulikuwa na nyayo za mtu, na nyayo zile zilikuwa kavu. Vumbi jeupe la kiangazi, kisigino na vidole vitano, manyunyu yanaanguka juu yake na halilowi. Zilikuwa nyingi, zimekanyagana, siku juu ya siku, na zote zilielekea ndani. Dereva akaziona. Akasema atanisubiri barabarani, na injini hataizima.

Yeyo alikuwa kitandani, midomo imepasuka, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Kando yake ndoo tatu tupu. Aliponiona alijaribu kutabasamu, mdomo ukatoka damu.

"Anakuja kila saa sita," akaninong'oneza. "Anakaa hapo kwenye kigoda. Hanigusi, mwanangu. Ananitazama tu, nami nakauka."

Nililia kwa sauti. Niliogopa, sitakudanganya, lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko woga. Hata hivyo sikusema neno. Unaona mtu anavyoweza kuwa mgumu? Nilimfunga blanketi, nikawa natafuta namna ya kumbeba, ndipo Mzee Loserian akasimama mlangoni. Alikuwa mmoja wa wachache waliokataa kuhama.

"Unampeleka wapi?"

"Hospitali, baba. Gari iko pale barabarani. Shikamoo."

Nikainamisha kichwa aniguse utosini, maana kwetu ndivyo mdogo anavyomsalimia mkubwa. Nikangoja. Mkono haukuja. Katika maisha yangu yote hakuna mzee aliyewahi kuninyima mkono.

"Mpeleke," akasema. "Kiu hii itapanda gari pamoja nanyi. Tumemwomba Lembris radhi kwa jina la mtu ambaye hakumkosea, na mimi mzee mzima nimechelewa kuling'amua hilo. Nilidhani namwadhibu mwizi, kumbe nilimtoza kondoo mama wa watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, binti. Wewe unataka mama yako. Saa sita inakaribia na jembe liko pale nyuma ya nyumba, unapafahamu."

Alisema hayo bila kupandisha sauti hata kidogo. Nimewahi kupigwa fimbo utotoni, mwanangu, na hakuna iliyouma namna ile.

Nikapanda peke yangu mpaka kwenye kiwanja cha Lembris. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Nikabomoa kizuizi, maji yakaingia, na hayakutandaa. Yalifika hatua mbili tatu yakapotea ardhini, na chini pale nikasikia mtu anameza. Funda kubwa, kimya, funda kubwa tena, kama ng'ombe aliyetoka mbali. Kisha nyasi mbele yangu zikaanza kunyauka. Alama moja ya mguu, njano, kavu, halafu ya pili karibu zaidi, halafu ya tatu. Sikuona uso. Niliona ukungu unakwepa umbo la mtu mrefu, na nikasikia harufu ya jiwe lililopasuliwa.

"Nani alikunywa maji yangu?"

Sauti yake ilikuwa kama maganda makavu ya mahindi yakisuguliwa. Na hapo ndipo nilipojijua mimi ni nani. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na mtu mwingine. Ningenyamaza tu kama nilivyonyamaza mkutanoni, angegeuka ateremke kwenye kigoda chake, na mimi ningeingia garini nikiwa mzima. Hakuna ambaye angejua. Nikaufungua mdomo, sauti haikutoka. Nikaufungua tena.

"Ni mimi. Namnyaki, wa boma lile la chini. Jumamosi tatu. Yeyo hakushika jembe. Alinisitiri, nami nikamwacha."

Kisha sikujua la kufanya, nikafanya nililofundishwa utotoni. Nikainamisha kichwa, kama mbele ya mzee yeyote.

Nilihesabu pumzi zangu nikapoteza hesabu. Ndipo mkono ukashuka utosini mwangu, mzito, mkavu, wenye sugu za mtu aliyechimba maisha yake yote. Haukunibana. Ulinigusa kama wazee wanavyogusa watoto, ukaondoka. Nilipoinua macho maji yalikuwa yamenifika kwenye vifundo vya miguu, kiwanja kizima kimelowa, na chura mmoja analia kwenye magugu.

Nikakimbia kushuka. Uani nyayo hazikuwepo, udongo ni mweusi kote. Yeyo alikuwa ameketi kitandani.

"Nasikia njaa," akasema.

Nikampikia loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, akala bakuli mbili. Kikombe cha maji nilichomwekea pembeni kikakaa kimejaa mpaka jioni, na mimi kila nikipita nakichungulia. Baadaye nikamuuliza kwa nini alisimama mkutanoni, ilhali alijua vizuri nani anashika jembe lile.

"Nilidhani ndiyo kazi ya mama," akasema. "Siku nyingine simama mwenyewe, Namnyaki. Mimi magoti yamechoka."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawalea wanangu, na kila kosa lao alikuwa anawaambia, haya, simama useme. Kijana wa Sokon One nilimweleza yote kabla hajaleta posa. Alileta hivyo hivyo, na ndiye babu yako. Pale nilipoguswa nywele zilitoka nyeupe, duara la ukubwa wa kiganja, nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nalificha kwa kilemba. Sasa kichwa chote ni cheupe, nimeacha kujisumbua.

Waliohama walirudi mmoja mmoja. Siku hizi mabomba yamefika na mfereji una kundi lake la WhatsApp, usicheke. Kila Ijumaa katibu anaandika: Kesho saa sita ni ya Lembris, asiguse mtu. Vijana wanajibu kwa kidole gumba, wengine hata hawajui kwa nini. Hewala, mradi hawagusi.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ukikosea, jitaje mwenyewe, mapema, kwa mdomo wako. Usimwache anayekupenda avae kosa lako, maana atalivaa kweli, na litamkausha huku wewe unatazama. Radhi iliyoombwa kwa jina la mwingine haikufikii. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe huwa hakianzii kwa mficha. Na ukisikia nyumbani kumeharibika, usianze na swali la nani mchawi. Jiulize kwanza wewe uliacha nini huko. Sikuulizi umeacha nini. Najua tu huu ni mwaka wa pili hujapanda mlimani, na wewe ukitajwa mama yako anabadilisha mazungumzo haraka sana.

Haya, sogea. Inama. Usione haya, mkono wangu ni wa kawaida, una joto. Engai, Mungu wa mlima na wa tambarare, akupe maji ya kunywa na ya kumpa mwenzio. Akupe wa kukupenda, na akuzuie kuwatumia. Na siku utakapoulizwa ni nani, mwanangu, akupe sauti ya kusema ni mimi.