Balbu Nyeupe za Mtoto wa Kaka

Cheche alikuwa fundi umeme wa magari, mama wa makamo asiyemeza neno. Akikasirika husema papo hapo, kisha hurudi kwenye nyaya zake. Lakini wiki ile mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta, kazi haifanyiki, na hasira haina pa kutokea.

Ilikuwa hivi. Alikuwa akienda gereji kwa baiskeli alfajiri, ukungu umetanda huoni hatua mbili mbele. Kwenye kona ya kiwanda likatokea gari limelala chini kama mjusi, na kutoka kwenye bampa taa nyeupe pe zikamchoma macho. Hakuona barabara wala mikono yake mwenyewe. Alikuja kujiona yuko mtaroni, baiskeli juu yake, gari limeshakwenda zake likinguruma.

Siku chache baadaye alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu mlangoni mwa gereji, anamfokea kila apitaye, mtoto wa kaka yake alipoingia na gari lake la mbio lililotoka Japani. Kijana yule alikuwa akilipangusa gari hilo kuliko alivyopangusa uso wake.

"Shikamoo shangazi! He, mkono umefanya nini?"

"Nimeanguka. Unataka nini?"

"Balbu moja ya taa za ukungu imekufa. Niliweka zile kali, nyeupe. Zinawaka hizo, shangazi, acha tu!"

Cheche akainuka kwenye tairi. Anayemjua angetafuta mlango.

"Alfajiri ile ya ukungu, ulipita kona ya kiwanda?"

"Nilipita. Tena kuna mlevi kwenye baiskeli nusura anichubulie rangi."

"Ukasimama?"

"Nimsimamie mlevi?"

"Mlevi mwenyewe," akasema, akimsogezea plasta mpaka puani, "ndiye huyu."

Kijana akarudi nyuma hatua moja. "Wallahi shangazi, sikujua kama ni wewe!"

Neno hilo ndilo lililoumwagia moto petroli. "Kwa hiyo angekuwa mama wa mwenzako ni sawa? Afie mtaroni, wewe rangi yako imepona?" Akamtolea uvivu mpaka mafundi wa jirani wakazima mashine wasikie. Kisha akamwambia, "Hiyo balbu iliyobaki usiiguse. Kesho alfajiri uje."

Asubuhi ukungu ulikuwa uleule. Cheche akamwambia kijana aliegeshe gari mwisho wa uwanja wa gereji, akawasha taa za ukungu, akampa baiskeli yake iliyopinda usukani aende nayo upande wa pili.

"Njoo kwangu."

Kijana akakanyaga pedali. Katikati ya uwanja akaanza kupepesa macho, akayumba, akaishia kwenye rundo la ringi kuukuu.

"Na hiyo ni moja!" Cheche akapiga kelele. "Mimi zilikuwa mbili! Mkuki kwa nguruwe, eh? Inuka. Leo fundi ni wewe."

Akamsimamia kama askari. Kata usukani, tairi igeuke. Ng'oa vibanio, kunja lile kava la plastiki nyuma ya bampa. Ingiza mkono, chomoa waya, zungusha balbu itoke. Pale ndani ni pembamba. Kijana akachubuka vidole, akaguna.

"Guna! Nani amekukataza?"

Alipofungua pakiti ya balbu za kawaida, zile lilizokuja nazo gari, akapigwa kofi la mkono wa kushoto. "Usishike kioo! Mafuta ya vidole yataiunguza. Shika kwa kitambaa."

Walipomaliza pande zote mbili na kuwasha, mwanga ukatambaa chini chini mbele ya gari, mpole. Kijana akapiga magoti kwenye mafuta ya gereji.

"Nisamehe, shangazi. Nilipaswa kusimama."

"Msamaha utakuja," akasema, "lakini unakuja kwa miguu, na bado uko mbali."

Mpaka plasta inatolewa, kijana ndiye aliyempeleka hospitali na kumrudisha kwa gari lile. Cheche hakumsemesha njiani, ila kila walipompita mtu wa baiskeli alisema neno moja tu: "Polepole."