Meno Niliyompangia Baba

Watu wa Kinjumbi wakinikumbuka, hunikumbuka kwa meno ya baba yangu. Yalikuwa meupe, yamejipanga vizuri, na yeye hakuyabania. Akikutana na mtu njiani aliyatoa yote kwa salamu moja. "Kazi ya mwanangu hii," alikuwa akisema. "Kaisomea chuo kikuu." Mimi niliyesimama kando yake natamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Baba alikuwa imamu wa msikiti wetu na mwalimu wa madrasa. Zamani watu wa kwetu waliishi wametawanyika, kila mmoja na mikorosho yake. Ulipokuja wakati wa vijiji vya ujamaa wakaletwa pamoja, nyumba zikapangwa mistari, na msikiti uliokuwa ukijaa siku ya Ijumaa tu ukawa unajaa kila magharibi. Asubuhi baba alikwenda na jembe lake kwenye shamba la kijiji kama wengine. Alasiri alifundisha.

Misahafu ilikuwa michache, wala hakuitegemea sana. Yeye alifundisha kwa mdomo. Anatamka, watoto wanamtazama mdomo, wanatamka. Kwake kila herufi ilikuwa na mahali pake pa kukaa, na aliyeikalisha penginepo alirudia mpaka mate yamkauke. Kwa dhali ndiyo alikuwa mkali kupita zote. Ncha ya ulimi lazima ichungulie kidogo chini ya meno ya juu, ichungulie tu, isitoke nje kama ya mbuzi. Nimekula bakora kwa ajili ya dhali. Nilipoipata akanibeba begani akanizungusha uwanja mzima, na mama akatoka jikoni kuuliza kuna harusi gani.

Kisha meno yake ya juu yakaanza kulegea. Mengine yalidondoka yenyewe, mengine aliyafunga uzi akayang'oa. Nilipokwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa meno ya bandia hakuwa amebakiwa na jino hata moja la juu. Kula hakukumsumbua sana, maana mama alimpondea muhogo na kumchambulia samaki. Kilichomvunja moyo ni Sura ya Ufunguzi, ile isomwayo katika kila sala. Jioni moja madrasa nzima ilikuwa ikiisoma, na walipofika kwenye "alladhina" wakasema "allazina," wote kwa pamoja, kwa sauti safi kabisa. Akawasimamisha. Wakarudia vilevile, kwa adabu, kama walivyomsikia. Aliwaruhusu waende nyumbani mapema.

Hakuna mtu aliyemlaumu. Alijihukumu mwenyewe. Asiyeweza kuitamka herufi ya Sura ya Ufunguzi hawasalishi wanaoiweza, ndivyo alivyosomeshwa naye ndivyo alivyotusomesha. Nafasi ya mbele akampa mvuvi mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, mtu mpole mwenye meno yake yote, na yeye akarudi kukaa safu ya kwanza. Lakini aliwaambia watu, msikiti umejaa, "Inshallah sala ya Idi nitawasalisha mimi. Mwanangu anasomea meno." Maneno hayo yakanifikia Dar kwa mtu aliyekuja kutoka nyumbani. Nilifurahi kama mtoto. Sikujua ni mzigo.

Pale chuoni tulikumbushwa kila mara kwamba tunasoma kwa jasho la wakulima. Wenzangu wengine walilichukulia kama wimbo tu. Mimi kila nikila wali wa bwenini nilimwona baba na jembe lake, na wali haukushuka vizuri. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kila mwanafunzi kutafuta mtu asiye na meno ya juu, amtengenezee seti nzima ya kusahihishwa, sikufikiri mara mbili. Nikaona hapa sasa jasho linamrudia mwenyewe. Plasta na nta vilikuwa vya kusubiri meli, na kila mmoja wetu alipewa vya kumtosha mtu mmoja tu.

Baba akaja kwa lori, vumbi tupu, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ndani ya koti kuukuu. Nilimchukua kipimo cha mdomo, nikamwaga plasta, nikapata sura ya fizi zake, nyeupe na ngumu, na nikaiweka mezani pangu. Sijui kama kuna mtoto mwingine aliyewahi kukishika mkononi kinywa cha baba yake. Nilikaa nacho siku kadhaa nikipanga meno ya kiwandani juu ya nta, moja moja. Midomo yake ilikuwa imebonyea ndani, ikimzeesha kuliko umri wake, kwa hiyo meno ya mbele niliyasogeza nje kidogo na kuyarefusha kidogo, ili uso ujae. Nilitaka awe kijana. Na nisijidanganye, nilitaka pia mwalimu aone tabasamu zuri.

Siku ya kujaribisha, meno yakiwa bado kwenye nta, ndiyo siku ya mwisho ambapo jambo linaweza kurekebishwa kirahisi. Unapasha kisu kwenye moto, unalainisha nta, jino linasogea. Mwalimu wetu, mgeni kutoka ng'ambo, mtu mwema na mwenye haraka, alitufundisha kumwambia mgonjwa ahesabu kuanzia sitini, ili tuisikie sauti ya s. Baba akakaa wima kwenye kiti kile kirefu akahesabu. "Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili." Alihesabu kama mtoto mbele ya mwalimu, na kila s ikatoka safi. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Baba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nisome kidogo?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshaanza, kwa maneno yanayoanziwa kisomo chochote. "Auzu..." Alitaka "audhu," yenye dhali. Akalamba midomo, akaanza tena. "Auzu..."

Nyuma yangu wenzangu walikuwa kwenye mstari na wagonjwa wao. Mmoja alikohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Mwalimu akanitazama kutaka kujua mzee anasema nini. Nami nilikuwa kijana wa chuo kikuu, nimevaa koti jeupe, wiki nzima nimezungumza habari za maendeleo na fikra mpya, na uso ukaniwaka. Sikutaka darasa zima linione ninakotoka, kwenye jamvi, na bakora, na mdomo wa kutazamwa.

"Baba, inatosha," nikasema.

Akanyamaza mara moja. Yeye, ambaye hajawahi kukatizwa kisomo na mtu yeyote.

Mwalimu akauliza kama mgonjwa ameridhika. Nikajibu mimi, "Ameridhika." Baba hakuelewa lugha tuliyozungumza, lakini aliielewa sauti yangu, akaitikia kwa kichwa. Jioni nikamsindikiza kwenye lori la kurudi. Njia nzima alinisifia mikono, kwamba ni myepesi, hakusikia maumivu hata kidogo. Bakora zake za zamani zote hazikuniuma kama sifa zile.

Nilikuwa na siku nzima ya kesho yake kabla ya kuyapika meno yale. Kisu kilikuwepo na moto ulikuwepo. Nilijiambia kwamba atazoea, ulimi huzoea, hata vitabu vinasema hivyo. Nikayafunga kwenye kalibu, nta ikatolewa kwa maji ya moto, plastiki ya rangi ya fizi ikaingia mahali pake ikaiva. Nilipoyang'arisha yalimetameta. Walipoyasahihisha waliyapitisha mkono kwa mkono, na mmoja wa wasahihishaji akasema hayo meno yanakaribia kucheka yenyewe. Nilifaulu vizuri sana.

Niliyapeleka nyumbani likizo, mwisho wa Ramadhani, ndani ya kopo lenye pamba iliyoloweshwa. Baada ya futari nikamvalisha. Mama alimtazama, akaangua kicheko, halafu akajifunika uso kwa kanga akalia. "Bwana wee, huyu nani tena?" akasema. Baba akaomba korosho. Akaitafuna taratibu, macho kayafumba, na sisi wote tunasikiliza korosho inavyovunjika. Kwa muda ule mfupi nilisahau.

Alfajiri, baada ya daku, nilimsikia nyuma ya ukuta. "Allazina." Tena. "Allazina." Alikuwa akijaribu kama alivyokuwa akitujaribisha sisi, polepole, akisogeza ulimi huku na huku akitafuta ukingo wa meno. Ukingo ulikuwa mbali. Niliuweka mbali mimi. Mwishowe nikasikia anayatoa, anajaribu bila meno, nayo ikawa vilevile. Nilivuta shuka hadi kichwani. Nikasema moyoni, inuka uende. Sikuinuka.

Kulipokucha alikuja barazani nilipokaa, ameshayavaa.

"Haya hayasogei?"

"Yakishaiva hayasogei, Baba."

"Basi."

Neno moja tu. Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, nitakuchukua turudi Dar, nitaomba plasta nyingine na nta nyingine, nitayapanga upya, na safari hii utanisomea Sura nzima kabla sijagusa kitu, hata dunia nzima ikicheka. Nilisema kwa haraka, maneno yakikanyagana. Nikamwambia pia kuwa siku ile nilisikia. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma.

"Nami nilisikia," akasema. "Nilifikiri wewe ndiye unayejua zaidi." Kisha akaniuliza ni wazee wangapi hapa kijijini hawana meno. Walikuwa wengi. "Vitu hivyo vinakuja kwa meli, vya watu wote. Mimi zamu yangu nimeshapata. Waache na wa nyuma yangu wapate."

"Na Idi kesho?"

"Kesho Mungu ni mkubwa."

Asubuhi ya Idi uwanja ulijaa, watu wa Kinjumbi na waliokuja kutoka mashambani. Baba alivaa kanzu nyeupe na joho alilolitunza kwenye sanduku. Watu wakampisha njia, wengine wakitabasamu maana walikwisha kuyaona meno, wakijua leo mzee anarudi mahali pake. Mvuvi yule akasogea pembeni kwa heshima. Baba akafika mbele kabisa, akageuka, akawatazama watu. Halafu akanyoosha mkono akaniita.

"Niliwaahidi nitawasalisha," akasema. "Sasa nimepata mtu. Leo atatusalisha mwanangu."

Mnong'ono wa furaha ukapita safu hadi safu. Waliona ni heshima, baba anampa kijana wake msomi nafasi yake mbele ya watu wote. Nilisikia mtu akisema mashallah. Nilipopishana naye alinivalisha lile joho kwa mikono yake, akanisawazisha mabega kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini watu walikuwa wameshanyamaza.

Nikapiga takbira. Nikaanza Sura ya Ufunguzi, na tangu aya ya kwanza nililiona neno lile linakuja, nalo halina pa kukwepea. Nilipolifikia, ulimi wangu ukachungulia chini ya meno yangu mwenyewe, ukatua mahali alipoutuliza yeye kwa bakora, na dhali ikatoka nzima. Nyuma yangu, karibu sana, nilimsikia akishusha pumzi.

Baada ya hotuba watu walimzunguka wakimpa mkono, wakimpongeza kwa kijana. Baba aliyatoa meno yote, anacheka na kila mtu.

"Mmeisikia zali?" alikuwa akiwauliza, nalo jina la herufi likimtoka kama linavyomtoka. "Ile ndiyo yangu."

Wakamwitikia ndiyo, wameisikia, na mimi nikainama kutafuta viatu vyangu.