Mama Mkasi hakati ua mpaka kinda wa mwisho atoke

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Mkasi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkasi mkubwa umelala mapajani mwake kama mtoto mchanga. Hakati kitu. Anatazama.

Mbele yake ni ua wa michongoma wa nyumba ya wageni anakofanya kazi ya bustani. Ni mita mia na arobaini, na wote umenyooka kama umepigwa rula. Sehemu moja tu karibu na kamba za kuanikia nguo, upana wa mlango hivi, majani yamechomoza ovyo. Mlinzi wa getini anasema ua huo unafanana na mteja wa kinyozi aliyekatikiwa na umeme katikati ya kunyolewa.

"Cheka tu, baba," Mama Mkasi anamjibu bila kugeuka. "Na hicho kitambi chako nani atakipunguza?"

Ndani ya kifurushi hicho cha majani kuna kiota cha shore, yule ndege mwenye kichwa cheusi na umanjano chini ya mkia. Kina makinda watatu.

"Leo siku ya kumi na tatu tangu waanguliwe," anasema. "Leo wanatoka. Jana jioni wawili walikuwa ukingoni wanapigapiga mabawa. Mimi nawajua hawa."

Ni bora awe anawajua. Saa nne wanakuja wakaguzi wa kupanga nyumba za wageni kwa madaraja, na meneja ameshamwambia mbele ya watu: bustani ikipoteza alama, italetwa kampuni yenye mashine. Kazi yake ya miaka kumi na tisa, iliyosomesha watoto wanne, leo inategemea vifaranga wasiojua hata saa.

"Mashine inakata haraka, sikatai," anasema. "Lakini haibishi hodi."

Yeye hubisha. Kabla ya kugusa mkasi hupita na fimbo akigonga majani polepole, hatua kwa hatua, ua mzima. Ndege akiruka, anafunga kitambaa chekundu mahali hapo, na hapo hapakatwi mpaka wenyewe waondoke.

Hakuzaliwa na akili hiyo. Mwaka wake wa tano kazini alikuta kiota, akakihurumia. Akakata pembeni pote kwa ustadi, akakiacha kimekaa katikati, peupe, kama sahani mezani. Kufika saa sita kunguru walikuwa wameshamaliza.

"Nilijiona nafanya wema, kumbe nawaandalia kunguru chakula," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hacheki. "Jioni nilipika, sikula."

Saa kumi na mbili na dakika hamsini, kinda wa kwanza anatokeza, anatazama kushoto, anatazama kulia, anaruka. Ukisema ameruka unampamba. Amejitupa, akadakwa na tawi la pili.

"Umeona? Huyo ni kifungua mimba. Hana subira."

Wa pili anafuata saa moja na nusu, naye anafikia majanini, puu. Dada anayefua mashuka anaacha beseni lake, anakimbia kumwokota.

"Mwache hapo! Usimrudishe!" Mama Mkasi amesimama.

"Mama, si ameanguka?"

"Hajaanguka, amehama. Ukimrudisha ataruka tena, na ataruka kwa hofu. Mpishi wetu aliwahi kumrudisha mmoja mara tatu kwa siku. Mara ya nne akatua kwenye karai la sabuni."

Dada wa mashuka anarudi nyuma taratibu. Dakika chache baadaye shore mkubwa anashuka na kiwavi mdomoni, anamlisha kinda palepale chini, kisha anamvuta kwa sauti mpaka kwenye kivuli cha michongoma.

Anabaki wa tatu. Inafika saa mbili. Inafika saa tatu. Mama yake amekaa kwenye kamba ya nguo na mdudu mdomoni, anaita tu, halipeleki tonge kiotoni. Kinda anapiga kelele za njaa. Hatoki.

Meneja anatokea, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata, anatazama saa yake kuliko anavyotazama ua.

"Mama, nakuomba. Dakika arobaini zimebaki."

"Na mimi nakuomba, bosi mwanangu. Nipe hizo arobaini. Kukata hapo ni kazi ya dakika kumi na tano."

"Asipotoka je?"

"Atatoka. Hakuna anayekaa nyumba isiyopikwa."

Saa tatu na dakika thelathini na nane kinda wa tatu anapanda ukingoni, anayumba, anaenda. Huyu anaruka kweli: anaivuka kamba ya nguo na kutua juu ya shuka jeupe, ambapo anaacha sahihi yake kabla mama yake hajamwita kivulini kwa wenzake. Dada wa mashuka anaguna. Mama Mkasi tayari yuko juu ya ngazi.

Anafunga uzi wa kunyooshea, mkasi unalia. Lakini wakaguzi ni watu wa ajabu, wanafika mapema. Saa nne kasoro kumi wawili wamesimama nyuma ya ngazi, majani yametapakaa mpaka kwenye viatu vyao.

"Kwani hapa mnakata ua siku ya ukaguzi?" anauliza mkubwa wao.

Meneja anamtazama Mama Mkasi. Kisha anasogea mbele ya ngazi.

"Kulikuwa na kiota. Huyu mama hakati ua wenye makinda. Wa mwisho ametoka sasa hivi, na mimi ndiye niliyeruhusu asubiri."

Mkaguzi anaomba kuoneshwa. Anainama, anachungulia kivulini, anawakuta watatu wamebanana wakimkodolea macho. Anakaa hapo muda mrefu kuliko atakaokaa jikoni baadaye.

"Bustani haina tatizo," anasema akiandika. Akimaliza kukagua vyumba anaongeza: "Bafu la chumba cha tano linavuja."

Wanapoondoka, meneja anasema kampuni ya mashine isubiri kwanza, kuna fundi bomba wa kutafuta. Mama Mkasi anaona mlango uko wazi, anaingia moja kwa moja. Anataka kuanzia mwaka huu ua wa nyuma usikatwe kabisa kwa miezi miwili ya kutaga, na iwe amri ya ofisi, si huruma ya mtu mmoja.

"Mimi nitastaafu, bosi. Ndege hawastaafu."

"Sawa, mama. Liandike, nitasaini."

Anatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nililiandika juzi."

Meneja anaisoma akiwa amesimama, anatabasamu, anapapasa mfuko wa shati akitafuta kalamu.

"Ninayo," anasema Mama Mkasi.