Mizani Iliyopitiwa na Usingizi

Watu wa Mwika walipotaka kumtania Aikande, walimwuliza, "Vipi, mtoto wako ameamka?" Hakuwa na mtoto. Walikuwa wakiulizia kompyuta aliyoifunga kwenye ghala la kikundi chao cha wakulima mwaka ule wa 2003, ipokee uzito wa magunia ya kahawa kutoka kwenye mizani na kuuchapa kwenye karatasi, kila mtu aone kwa macho yake.

Aikande alikuwa binti wa Mzee Eliamini. Alikulia kwenye kihamba cha baba yake, kivulini mwa migomba, mibuni ikimkwaruza mabega kila alipotumwa kuni. Akashuka Moshi mjini kusoma ufundi, akabaki huko, na sasa alikuwa na kibanda cha kompyuta Njoro, akishirikiana na Yassin, fundi wa redio. Alikuwa na kicheko cha karibu, na alizungumza na mashine kama mtu anavyozungumza na ng'ombe anapomkamua: kwa upole, lakini jicho likiwa kwenye mguu wa nyuma.

Programu yake ya kwanza ya mizani ilikuwa msumbufu. Iliuliza bila kupumua: gunia limefika? Gunia limefika? Feni ikavuma kama kinu cha kusaga, na printa ikachapa kwa kigugumizi, maana uzi mmoja wa programu, yaani kazi moja kati ya nyingi zinazokwenda pamoja, ulikuwa umeishika mashine nzima kwa maswali, nyuzi nyingine hazipati nafasi.

"Dada Aikande, huyu ni mtoto aliye safarini," Yassin alisema. "'Tumefika? Tumefika?' Dereva gani atavumilia?"

"Basi nimlaze," alijibu Aikande. "Tukifika, aamshwe."

Ndivyo alivyoingia kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu ya chini kabisa inayoamua uzi upi ufanye kazi na upi upumzike. Akaandika hivi: uzi utazame kama kuna uzito mpya. Usipouona, kiini kiuandike kwenye foleni ya wanaosubiri na kuulaza, mashine wapewe wengine. Gunia likitua, mizani itume ishara, na kiini kikaamshe kila aliye kwenye foleni. Feni ikanyamaza. Kibandani Njoro aliweka tofali juu ya mizani, akaliondoa, akaliweka tena, kutwa nzima, na kila mara printa iliitika.

Kule Mwika mambo yakawa mengine. Magunia yalipoanza kuja kwa haraka, watu wakipokezana migongoni, mara moja moja gunia lilitua na kompyuta isiseme kitu. Gunia limekaa, uzi umelala, karatasi nyeupe. Mpaka mtu alisukume gunia, mizani itume ishara nyingine, ndipo printa ishtuke na kuchapa. Haikupita muda watu wakawa na desturi: ukishusha gunia, unalipiga kofi mbavuni na kusema, "Amka, bwana!"

Wengi walicheka. Primus, jirani wa bondeni, hakucheka tu. Mkutanoni alisimama, kofia mkononi.

"Mzee Eliamini, wewe ndiye uliyetuambia tushushe mizani yetu ya ndoana. Tumeshusha. Sasa tunapima kahawa kwa kitu kinachosinzia. Ile ya ndoana haikuwahi kusinzia hata siku moja."

"Ila ilikuwa ikisukumwa kwa kidole," alijibu Eliamini.

"Kidole kilikuwa macho!"

Ghala zima likaangua kicheko, na Eliamini mwenyewe akashindwa kujizuia. Lakini uamuzi ulipita: Jumamosi ni upimaji mkubwa. Kompyuta ikilala hata mara moja, irudi Njoro, na ndoana ipande tena darini. Eliamini hakumwambia binti yake neno. Alifika nyumbani, akavua viatu, akavipanga vizuri kuliko siku zote. Aikande, aliyekuwa amekuja kulala nyumbani usiku ule, aliviona vile viatu, akajua baba yake amesimama mbele ya watu kwa ajili yake.

Siku zilizofuata, kibandani Njoro, alisoma mistari ya programu yake hadi akaweza kuisema kama sala. Kila mstari ulikuwa sahihi. Ijumaa asubuhi alipanda Mwika, akaketi mbele ya mashine ghalani, akatoka, akarudi. Mchana mama yake, Magdalena, akamkuta barazani akiwa ameshika kichwa.

"Mimi nashuka sokoni Kiboriloni," mama alisema. "Leo zamu ya maji ni yetu, baada ya Mama Fredy. Angalia mfereji. Mboga zangu zina kiu."

"Sawa, mama."

Aikande akaenda hadi pale mfereji unapogawanyika. Akatazama. Mkavu, majani ya migomba yamelala ndani yake. Akarudi hadi zizini kuchukua jembe, akilini akipitia mistari yake, akaja akalisimamisha ukingoni, alama ya anayesubiri maji. Kisha akarudi barazani, akachukua ungo wa maharage, akaanza kumenya akisubiri Mama Fredy amwite.

Akamenya. Jua likahama kutoka ngazi ya chini hadi ya juu. Maharage yakaisha. Hakuna aliyeita.

Magdalena aliporudi, alipitia bustanini kwanza. Aikande alisikia sauti yake kabla ya kumwona.

"Aikande! Mbona kabichi zangu zimelegea masikio? Na Primus anamwagilia mpaka njia! Nimepita kwake natembea kwenye tope la maji yetu!"

"Mama, Mama Fredy hajaita!"

"Nani hajaita?" Mama Fredy mwenyewe alitokea kwenye migomba, sketi imekunjwa hadi magotini, miguu bado ina matope. Aikande akainuka.

"Shikamoo, Mama Fredy."

"Marahaba, mwanangu. Maji nimefungua, nikashuka nayo mpaka kwenye mgawanyiko, nikatazama ukingoni. Hakuna jembe. Nikasema, leo hawahitaji, labda wako mjini. Nikampa Primus."

"Lakini jembe nimesimamisha!"

"Saa hizi nimeliona. Wakati ule halikuwepo."

Magdalena akaweka kikapu chini taratibu, dalili mbaya.

"Ulitazama maji kwanza, ndipo ukaenda kuchukua jembe?"

"Ndiyo. Nilikuta pakavu."

"Na uliposimamisha jembe, ulitazama tena?"

Aikande akatikisa kichwa.

"Tangu una meno ya maziwa nimekufundisha! Jembe kwanza, maji baadaye! Unasimamisha jembe, halafu ndiyo unatazama. Pakavu, nenda kakae, mwenzako akija atalikuta na atakuita. Pana maji, ng'oa jembe ufanye kazi. Wewe umetazama, umegeuka, maji yamekuja nyuma ya mgongo wako, halafu unakuja kukaa kusubiri kitu kilichokwisha kupita!"

"Mama," alisema Aikande, na sauti ilikuwa ngeni, "rudia."

"Nirudie nini? Kwamba umelaza mboga zangu na njaa?"

"Hapo mwisho. Kusubiri kitu kilichokwisha kupita." Akaanza kucheka, akamkumbatia mama yake pamoja na kanga na vumbi la soko. "Uzi wangu unatazama kwanza! Unaona hakuna uzito, unageuka kwenda kulala. Hapo katikati gunia linatua, ishara inakuja, kiini kinatazama foleni, hakuna jina. Kinasema hakuna anayesubiri. Uzi nao unalala!"

"Huyu amekula?" Mama Fredy aliuliza.

Hakuwa amekula, lakini alikwisha kushika njia ya ghalani. Kabla jua halijazama alikuwa amegeuza mpangilio. Uzi ujiandikishe kwanza kwenye foleni na kuwekewa alama ya kwamba umelala. Ndipo utazame uzito. Ukiuona, ujifute na kuendelea na kazi. Usipouona, ujilaze, na ishara ikija hapo katikati, kiini kitaifuta ile alama, na uzi utakapotaka kujinyoosha utajikuta uko macho. Ishara ije mapema, ije kwa kuchelewa, jembe limesimama.

Jumamosi magunia yalikuja kama mafuriko. Eliamini alisimama kando ya mizani, mikono nyuma, akitazama mbele kama anapigwa picha. Printa ikaitika, ikaitika, ikaitika. Watu waliyapiga magunia makofi kwa mazoea, lakini karatasi ilikuwa imekwisha kutoka kabla ya kofi kutua, nao wakabaki wamenyoosha mikono hewani, wakichekana.

Primus alikuja mwisho, kwa makusudi. Alilibwaga gunia lake mara tu la mwenzake lilipoinuliwa, akaruka nyuma, akakunja mikono bila kuligusa. Watu wote wakageukia printa.

Printa ikachapa.

Primus akaichana karatasi kutoka kwenye printa, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. "Haya," alisema. "Iko macho kuliko mimi."

"Wewe utakuwaje macho," Magdalena alimjibu kutoka mlangoni, "na jana umekesha kwenye maji yangu?"

Kicheko kikapanda hadi darini. Watu walipotawanyika, Aikande alinyoosha mkono kuizima mashine. Baba yake akaushika, kwa wepesi, kama mtu anayemtoa ndege kwenye kiota.

"Mwache, usimzime," alisema Mzee Eliamini. "Sasa alale."