Chapati mbili za Chuno

Leo muuza chapati wa mtaa wa Chuno kaniumbua mbele za watu.

Nimefika nina haraka. "Dada, nifungie mbili."

Akanitazama, akacheka. "Thailakoidi mbili tu? Au nikufungie grana nzima?"

Kumbe ni Somoe. Miaka ya tisini, kidato cha pili, tulikaa dawati moja.

Siku moja mwalimu wa baiolojia alikuja na chapati za mkewe, akazipanga mezani, moja juu ya nyingine. Akasema ndani ya kloroplasti ya jani kuna vifuko bapa vimebebana hivyo hivyo, ndivyo vinavyonasa mwanga. Kimoja ni thailakoidi, rundo ni grana. Halafu tukazila. (Mimi nilibaki na ladha tu, somo likanipita.)

Mwaka uliofuata Somoe hakurudi. Mama yake aliugua, akabaki kijijini kumuuguza.

"Bado unakumbuka?" nikamuuliza.

"Nisikumbuke vipi? Si uliangalizia kwangu kwenye mtihani."

Wateja wote wakageuka.

Ni kweli. Lile swali la thailakoidi nililipata kwa karatasi yake, na mimi ndiye niliyeendelea na shule.

Nanyi semeni ukweli: mliangalizia kwa nani, na leo yuko wapi?